Mtoto ameshacheua, bibi bado amemshika

Jamani, leo nimeshindwa kumchukua mtoto wangu mwenyewe.

Nimemnyonyesha, akaanza kulia na kujinyonganyonga. Bibi akamweka begani, akampigapiga mgongo. Akacheua, akatulia.

Bibi akaendelea tu kumpigapiga. Kumtazama, machozi yanamtoka.

"Bibi, kuna nini?"

Akaniambia. Kifungua mimba wake alifariki akiwa mchanga, mwaka waliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Kwa mila zetu sisi Wairaqw, mama aliyefiwa hivyo alikaa peke yake miezi mingi, asiguse mtoto wa mwenzake.

Lakini kule kijijini nyumba zilikaribiana. Na jirani alikuwa mwalimu, mgeni kutoka mkoa mwingine. Mila hakuzijua.

"Asubuhi moja akaja na mtoto analia. Akasema, 'Dada, nishikie, nimemnyonyesha lakini hanyamazi, na kengele imeshalia.'"

"Ukamwambia umetengwa?"

Bibi akampigapiga tena mtoto mgongo.

"Nilipaswa kumwambia. Nikanyoosha mikono, nikampokea."

Hadi sasa ninavyoandika bado yuko naye begani, na mtoto ameshalala.

Mimi simwombi anirudishie. Nyie mngemwomba?