Kelele Ndani ya Kebo ya Mountain View

Fundi mkuu alikuwa amepiga magoti kando ya barabara ya ndani, pale mtaani Mountain View, kichwa chake chote kikiwa ndani ya sanduku la chuma. Mimi nilikuwa napita tu. Kazi ya kuosha vioo vya maghorofa Westlands ilikuwa imeisha, na nyingine sikuwa nimeanza kuitafuta. Lakini nikiona kitu kilichofungwa siku zote kimefunguliwa, miguu yangu hukataa kuendelea. Tangu niache shule kidato cha pili nimejifunza mengi kwa kusimama hivyo hivyo.

"Unapita ama unasaidia?" aliuliza bila kutoa kichwa.

"Hiyo ni nini?"

"Shika tochi kwanza. Maswali baadaye."

Akatoa kichwa hatimaye, nikaona ni mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, Mkamba wa Machakos, mwenye diploma ya mawasiliano na mikono iliyojaa mikwaruzo. Siku hiyo hiyo akanipa helmeti, nikaingia kwenye kikosi chake.

Kazi yenyewe ilinivutia kuliko zote nilizowahi kufanya. Chini ya mtaa ule ilipita kebo nyeusi, nene kama kidole, yenye shaba katikati, iliyozikwa zamani kwa ajili ya televisheni. Kampuni ilitaka kebo hiyo hiyo ilete intaneti ya gigabiti kadhaa kwa sekunde. Kebo mpya ya fiba ingefika hadi kwenye sanduku la pembeni mwa barabara, na kutoka hapo kebo kuukuu ingebeba intaneti hadi majumbani.

"Ni kama redio yenye stesheni nyingi," fundi alinieleza. "Wa zamani walitumia chache za chini. Sisi tunafungua zile za juu ambazo hakuna mtu amewahi kuzigusa."

Ili zifunguke, ilitubidi tubadilishe kila kitu ambacho kebo ilipitia: amplifaya za kukuza mawimbi, splita za kuyagawa, konekta za kuunganishia. Kila kitu isipokuwa kebo yenyewe.

Kuchimba hakukuwezekana. Wakazi walikuwa wametoka tu kuchanga pesa na kuweka matofali ya kabro barabara nzima, na mwenyekiti wa mtaa, mzee mwenye ploti aliyezaliwa pale pale kabla hata hapajaitwa Mountain View, alitukaribisha kwa kidole cha onyo.

"Mimi ndiye nilisimamia hii kabro ikiwekwa. Mking'oa hata moja, mtaniona mbaya."

Wakubwa wa kampuni walitaka kuuruka mtaa ule. Ni fundi mkuu aliyekwenda ofisini Westlands akawaambia kebo ya zamani inaweza. Wakampa nafasi: Jumamosi wangekuja kupima. Ikifaulu, wangefikiria kumpa kazi ya mtaa mkubwa zaidi, kama Kinoo. Ikishindikana, mtaa huu ungeachwa, na yeye angerudi kufanya kazi chini ya fundi mwingine.

"Nimejiweka kitanzi mwenyewe mbele ya watu wa suti na tai," alituambia, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wiki nzima kipimo kilikuwa safi. Ijumaa jioni tulikuwa tayari tunatembea kama washindi. Jumamosi, jua lilipoanza kuwaka vizuri, kila kitu kikaharibika.

"Kelele," alisema fundi, akitazama kioo cha mita ya kupimia mawimbi. Mstari uliokuwa umelala tuli sasa ulirukaruka.

Nilitega sikio. Sikusikia chochote.

"Si za masikio," akasema. Kebo ni ya mtaa mzima, akaeleza. Kiungo kimoja kikilegea kwenye nyumba moja, mawimbi ya nje huingia pale, ya redio, ya simu, ya mota, yanateremka hadi kwenye sanduku na kuzamisha sauti ya nyumba zote. Kupokea kunaendelea. Kutuma kunakufa.

Akampigia simu injinia wa Westlands, akiweka spika ili sote tusikie.

"Jana kelele ilikuwako?" injinia akauliza.

"Hakukuwa na kitu."

"Basi tafuta kitu cha Jumamosi. Na harakisha, tuko kwenye foleni na wakubwa, tunakuja."

Fundi akaanza kukata laini ya jengo moja moja pale sandukuni, akitazama mita. La kwanza, kelele ipo. La pili, ipo. Alipokata jengo la ghorofa lililo karibu na geti, mstari ukalala. Akaliunganisha tena, ukaruka. Tukapanda ngazi mbio, mita nikiibeba mimi.

Paa lote lilikuwa nguo. Jumamosi kila mtu hufua. Kamba zilikuwa zimejaa, na pale zilipoishia, mtu alikuwa amechukua kebo yetu na kuikaza kutoka kwenye mguu wa tangi la maji hadi kwenye nguzo ya dishi. Juu yake zilining'inia blanketi mbili na duveti, zote zikitiririka maji. Upepo ulipovuma duveti ilijaa kama tumbo, na konekta ikachomoka kidogo. Mstari kwenye mita mkononi mwangu ukaruka.

"Mguse hiyo duveti muone," ilisema sauti nyuma yetu. Alikuwa mama wa ghorofa ya juu, karai kiunoni.

"Mama, hii si kamba," fundi akasema.

"Niliikuta hapa nikihamia. Nimeanikia hapo nepi za watoto wangu mpaka wa mwisho ameingia sekondari, leo ndio unaniambia si kamba?"

"Ni kebo ya intaneti."

"Basi intaneti ianikwe kwingine."

Nilicheka. Wote wawili wakanigeukia, nikajifanya nasoma mita.

"Kwenu ni wapi?" mama akamuuliza fundi, akiwa amesikia matamshi yake.

"Machakos."

"Ala! Mimi wa Kitui, Mkamba kama wewe. Na unanitesa hivi?"

"Sikutesi, dada. Nitakufungia kamba ya kweli. Lakini hii isipotulia sasa hivi, mimi ndio nimeisha."

Mama akaweka karai chini na kunipakia blanketi na duveti mabegani. Nilisimama pale nimebeba mlima wa nguo mbichi, maji yakiingia kwenye viatu, huku fundi akikata kebo, akiichonga upya, akibana konekta mpya na kuilaza ukutani kwa klipu. Mama akafungiwa kamba ya njano tunayovutia kebo, akaivuta kwa nguvu zote kuijaribu.

"Hii sawa," akasema.

Wakubwa walipofika, tulipimia sebuleni kwa mwenyekiti, kwa sababu alikataa kabisa ipimiwe kwingine. Namba zikaanza kupanda. Zikapita gigabiti moja. Zikapita mbili. Kisha zamu ya kutuma, ile iliyokuwa imekufa asubuhi, nayo ikapanda bila kutikisika hadi ikapita moja.

"Hiyo ni nyingi ama ni kidogo?" mwenyekiti akauliza.

"Mzee," injinia akasema, "hata sisi ofisini hatuna hiyo."

Mwenyekiti akatoka nje akawatangazia majirani kana kwamba intaneti hiyo ameichimba mwenyewe. Kutoka paani mama akapaza sauti, "Imeshika?" Tukamjibu sote kwa mpigo, "Imeshika!"

Mkubwa wa kampuni alimpa fundi mkono, na hakuuachia haraka. Kisha fundi akatoka, akakaa juu ya kabro, akavua helmeti na kumpigia simu mama yake. Siku zote niliwasikia wakiongea Kikamba. Siku hiyo aliongea Kiswahili, kwa sauti kubwa, ili mtaa mzima usikie:

"Mama, nimepewa Kinoo. Kinoo yote!"