Wifi Yangu na Nyuso za Watu

Wifi yangu ameolewa na mwigizaji, na kwa miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akiigiza. Si kwamba alikuwa haendi ukumbini. Alikwenda kuliko mtu yeyote ninayemjua, mvua inyeshe, jua liwake. Lakini alikaa kwenye kigoda chake pembeni, chini ya jukwaa, waigizaji wakiwa nyuma yake na macho yake yakiwa kwa watazamaji. Ndiyo kazi yetu. Tunaitwa washauri wa utafiti wa sanaa na utamaduni, jina refu ambalo halikuenea kwenye kibao cha mlangoni. Ukiondoa maneno makubwa, sisi ni wanawake wawili tunaolipwa kuwatazama watu wanaotazama vitu.

Makumbusho hutuita wakitaka kujua kwa nini wageni wanapita chumba fulani mbiombio kama wamekopa humo. Kwaya hutuita viti vinapoanza kubaki vitupu. Vikundi vya ngoma, majumba ya picha, hata maktaba. Mimi ni wa hesabu na majedwali. Yeye ni wa nyuso. Ndiyo maana wateja walimwita Mama Nyuso, nami nikaambulia Dada Asilimia, jina ambalo sijalipenda hadi leo na silijibu kabla ya kunywa chai.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la fundi viatu, na harufu ya gundi hupanda ngazi pamoja na wateja. Chumba cha mbele kina meza yangu, ambayo ni safi. Cha nyuma kina meza yake. Hiyo nisiisemee sana, maana wifi ni wifi, ukianza kumsema hujui pa kuishia.

Alianza maisha akiwa mkata tiketi mlangoni mwa ukumbi uleule anakoigiza kaka yangu, ndiye huyo mumewe. Kila onyesho likiisha, mkurugenzi wa wakati huo alisimama hapo mlangoni akiwauliza watu, "Mmeonaje?" Nao wakajibu, "Nzuri sana, nzuri sana," huku wanatafuta njia ya kutokea. Wifi alikuwa amesimama palepale na vipande vyake vya tiketi, akiwaona.

"Mdomo una adabu," aliniambia siku ya kwanza tulipokaa kuzungumza. "Uso hauna."

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya takwimu serikalini, nimechoka kuhesabu madawati. Alikwisha kumchukua kaka yangu. Nikaona heri anichukue na mimi.

Sitasahau kazi yetu ya kwanza ya maana. Makumbusho fulani walikuwa wamejenga chumba kipya cha vinyago, wamekitia taa za kila namna, na walitaka tuwathibitishie kwamba wageni wanakipenda. Kweli wageni walikaa humo kuliko chumba kingine chochote. Mimi na hesabu zangu nilikuwa tayari kuwapongeza. Wifi akasema ngoja kwanza. Alikaa humo siku nzima, kisha akaenda kumwambia mkurugenzi, kwa heshima zote, kwamba kitu kinachopendwa zaidi katika chumba chake ni feni. Yule bwana alinuna wiki nzima. Halafu akahamisha feni, akatuita tena.

Basi huyo ndiye mtu aliyekuwa akilala na kuamka na kaka yangu.

Kaka ni mwigizaji wa nafasi ndogondogo. Amekuwa mlinzi wa mlango, tarishi, daktari anayeingia kusema mgonjwa amekufa, na maiti yenyewe. Hakulalamika. Kitu kimoja tu alikuwa akikisema kwa mzaha, nasi tukacheka kila mara: "Kisogo cha mke wangu nakijua kuliko uso wake." Wifi naye akirudi nyumbani alikuwa na namna yake ya kumsifu. "Leo kuna mama mmoja ulipotoka jukwaani alikufuata kwa macho mpaka pazia likatulia." Kaka alifurahi, nilimwona akifurahi. Lakini ni mimi niliyekua naye, namjua anavyocheka akishiba na anavyocheka akiwa na njaa.

Mwaka huu akatangaza kwamba anaacha. Magoti, alisema. Ukumbi ukampa zawadi ya kuagia, nafasi kubwa ya kwanza na ya mwisho maishani mwake: mzee anayeuza nyumba, ambaye kila wateja wakitaka kuondoka na kwenda kuandikishana mkataba anawaongezea chai ili wakae kidogo. Mchezo wa kuvunja mbavu, lakini ukifika katikati unaanza kumwonea mzee huruma.

Siku moja alipanda ngazi zetu, taratibu, mkono kwenye ukuta, akasimama katikati ya chumba changu akamwita mke wake atoke.

"Nina ombi," akasema. "Onyesho la mwisho, nitazame."

"Nikutazame mara ngapi?" wifi akacheka. "Si nakutazama kila siku ukikoroma?"

"Jukwaani, mama. Mara moja tu. Baada ya hapo hakuna tena."

Hakuwa akicheka. Wifi naye akaacha kucheka. Wakasimama hivyo, nami nikajifanya natafuta kalamu.

Tatizo lilikuwa hili. Ukumbi ulitaka kuupeleka mchezo huo miji mingine ukiwa na mwigizaji mwingine, na ulikuwa umetupa kazi ya kupima watazamaji wanachangamka wapi na wanachoka wapi, jioni hiyohiyo, ambayo ndiyo pekee tiketi zake zilikuwa zimekwisha. Nilikwisha kumwambia wifi kwamba si vizuri kupima mchezo wa mume wako. Akanijibu kwamba hapimi mchezo, anapima watu. Mtu haambiliki. Sasa ikabidi mtu mwingine akae kwenye kigoda, na katika kampuni ya watu wawili huyo mwingine ni rahisi kumpata.

"Mimi?" nikasema. "Mimi hata mtoto akilia sijui kama ana njaa au amekasirika."

"Utajifunza."

Akanifundisha kwa wiki nzima. Tulikaa dirishani tukiwatazama wateja wa fundi viatu, ananiuliza yule atalipa au atabishana, nami nakosea. "Usiangalie kicheko," alikuwa akisema. "Kicheko wanapeana. Angalia kinachotangulia." Katikati ya mafundisho hayo, siku moja, akaniambia jambo lililonifanya nimhurumie kuliko nilivyowahi kumhurumia.

"Naogopa, wifi."

"Unaogopa nini?"

"Yule ninayempenda pale jukwaani nimemjua kwa nyuso za watu. Je, nikigeuka nisione walichokiona? Nitamwambia nini? Nyumbani ni mume wangu, namsomea gazeti, namtafutia soksi, tunakwenda. Lakini ameniomba nimtazame, na mimi uongo siuwezi, atanisoma."

Nikamwambia asiwe mjinga. Ndiyo faraja niliyokuwa nayo karibu.

Jioni yenyewe alivaa gauni lake la bluu, akakaa safu ya mbele, katikati, mikono mapajani. Mimi nikaketi kwenye kigoda pembeni, jukwaa nyuma yangu, daftari gotini, najisikia mpumbavu. Taa zikafifia, mwanga wa jukwaani ukawaangukia watu, na kwa mara ya kwanza nikaona anachokiona wifi kila siku: ukumbi mzima wa watu waliosahau kwamba wana nyuso.

Kaka akaingia. Nilisikia sauti yake nyuma ya bega langu. Na wifi yangu, baada ya kulisubiri hilo wiki nzima, akageuza shingo na kuwatazama majirani zake.

Nikamkodolea macho. Akashtuka, akatazama mbele. Muda si muda shingo ikageuka tena. Watu walikuwa wamecheka, naye alitaka kuona wamechekaje. Nikamtolea macho kama anavyotoa shangazi msibani mtoto akianza kucheza. Akaziba mdomo kwa kiganja, akageuka mbele, na safari hii akabaki huko. Nikaona uso wake ukianza kulegea. Nilisema siwezi kusoma nyuso, lakini ule ulisomeka hata kwangu. Alikuwa akimwona. Alikuwa akimwona na anampenda, na hofu yake yote ya dirishani ilikuwa imemtoka. Nikasahau daftari. Nakiri kwamba katika sehemu hiyo ya mchezo wateja wetu hawakupata kitu.

Likaja lile tukio la birika. Mzee anawamiminia wageni chai kwa mara nyingine, anamimina na kuongea, anamimina na kuongea. Nikasikia maji yakianguka mahali ambapo si kikombeni. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Walicheka safu kwa safu mpaka mlangoni, na katikati ya safu ya mbele kulikuwa na uso mmoja ambao haukucheka.

Ulikuwa umesimama. Sina neno jingine. Macho yalikuwa yamekazwa mahali pamoja, na midomo ilijitenga kidogo.

Nikavunja sheria ya kigoda. Nikageuka.

Kaka yangu alikuwa ameweka birika chini na anatafuta kiti. Anakitafuta kwa mkono. Vidole vilipapasa hewa, vikagusa egemeo, vikalifuata mpaka pembeni, ndipo akaketi, na yote hayo aliyafanya huku akiongea, kwa madaha ya mzee mchekeshaji, hata ungeapa kwamba ndivyo alivyofundishwa. Msichana aliyecheza binti yake akakisogeza kikombe mpaka kikagusa mkono wake. Akakichukua. Watu wakacheka tena.

Papo hapo nikakumbuka mkono kwenye ukuta wa ngazi zetu. Nikakumbuka gazeti analosomewa asubuhi, ambalo sote tulidhani ni mume kudeka. Mganga hajigangi, wanasema, na katika ofisi yetu tulikuwa waganga wawili.

Mchezo ulipoisha watu walisimama wakapiga makofi hadi mikono ikawauma. Wifi hakupiga. Alikuwa amekwisha kushika njia ya pembeni kwenda nyuma ya jukwaa, nami nikamfuata na mikoba yote miwili, daftari na kigoda.

Chumba cha waigizaji kilikuwa na joto na poda. Kaka alikuwa ameketi mbele ya kioo, peke yake, anajifuta uso kwa kitambaa, na alikuwa akifuta upande mmoja uleule uliokwisha kuwa safi. Wifi akachukua kitambaa mkononi mwake.

"Tangu lini?" akamuuliza.

Kaka hakujifanya haelewi. "Ilianza taratibu. Mwaka juzi nikaenda kwa daktari wa macho. Presha ya macho. Anasema kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa ni ya kulinda kilichobaki."

"Na magoti?"

"Magoti ni mazima, mama."

Wifi akaanza kumfuta upande wa pili wa uso, polepole, kama mtu anayeogopa kuchubua. Alikuwa akilia bila sauti. "Mwaka juzi. Tunalala kitanda kimoja. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijaribu. Kila nikianza, maneno yananiishia mdomoni, nakuuliza habari za kazi." Akapapasa ukingo wa meza. "Halafu nikasema, huyu hajawahi kuamini mdomo wa mtu. Anaamini anachokiona. Nyumbani hutaona, kila kitu nakijua kilipo. Ila jukwaani, taa zile, vile vitu wanavyohamishahamisha, nikajua hata nikijikaza namna gani, wewe ukinitazama utaona."

"Wote walicheka."

"Ndiyo. Nilisikia. Nikawa nasubiri kama nitakusikia na wewe."

Mimi nilikuwa mlangoni na kigoda changu kama mchuuzi aliyekosa wateja. Nilitaka kumgombeza kaka kwa kutuficha, nilikuwa na maneno yangu tayari, na nilikuwa nalia kiasi kwamba yasingetoka. Wifi aliweka kitambaa mezani.

"Ulikuwa mzuri," akamwambia. "Nakwambia mimi, si watu. Ulikuwa mzuri sana na mimi nimekaa miaka yote nimekupa mgongo."

"Haikuwa kosa. Ilikuwa kazi."

"Sasa unaona nini? Niambie ukweli. Mimi hapa, unaniona?"

Kaka akaugeuza uso wake kuelekea sauti. "Naona katikati tu, kidogo, tena kwa ukungu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Gauni nimeliona, ni la bluu. Uso mpaka uwe karibu."

Wifi akapiga magoti mbele ya kiti, akausogeza uso wake.

"Hapa?"

"Bado."

Akasogea. Akasogea tena, mpaka nilidhani pua zao zitagongana, na akatulia hapo, macho wazi, machozi yakimtiririka bila kuyafuta, ili asije akaziba kitu.

"Hapo," kaka akasema. "Usiondoke hapo."