Mama Himmat Ashuka Kwenye Stuli

Kwa miaka thelathini na nne, ukimtaka Hansa ulijua pa kumkuta: juu ya stuli ndefu, nyuma ya kaunta ya duka lake karibu na soko la Iringa mjini. Magunia ya mchele, ulezi, ufuta na choroko yalimzunguka pande zote, na yeye katikati akitoa amri. "Lete ulezi kilo mbili! Fungua gunia jipya!" Asubuhi alishuka ngazi kumi na mbili kutoka ghorofani, akapanda stuli. Jioni alishuka stuli, akapanda ngazi kumi na mbili. Mazoezi yake yaliishia hapo, na jua aliliona likipita mlangoni.

Ila Oktoba ikifika, mama huyu hakuwa na mwenzake. Katika Navratri, sikukuu ya Wahindu ya siku tisa, kuna ngoma iitwayo garba: watu huizunguka taa ya mungu mama huku wakipiga makofi na kugeukageuka. Mwenye kufungua duara hilo kwa miaka ishirini na sita alikuwa Hansa, aliyeachiwa nafasi na mama mkwe wake. Huingia katikati ya ukumbi peke yake, hupiga makofi matatu, huizunguka taa raundi nzima, ndipo wengine humfuata. Hakuna cheo duniani alichokipenda kama hicho. Tusidanganyane, hata marehemu mume wake alijua kwamba yeye anashika namba mbili.

Basi mwezi wa Aprili alinyoosha mguu kushuka kwenye stuli kama alivyoshuka siku zote, unyayo ukateleza, akatua kwa mkono wa kulia. Anguko lenyewe dogo, mtoto angeinuka akaendelea kucheza. Lakini kifundo cha mkono kilivunjika. Hospitali walimfunga hogo, na daktari akamwambia neno lililomuuma kuliko mkono wenyewe.

"Mama, anguko hili halikutosha kuvunja mfupa wenye afya. Mifupa yako imepungua nguvu."

Himmat, mwanawe wa pekee, alimpenda mama yake kwa ule upendo wa kumfungia mtu ndani. Siku ile ile alipiga marufuku ngazi, sufuria na hata ndoo ya maji nusu. Kisha akaleta kiti kikubwa cha kijani, chenye mito na pa kuegesha miguu.

"Ba," alisema, maana ndivyo Wagujarati wengi wanavyomwita mama, "Oktoba tutakipeleka ukumbini. Utakaa mbele kabisa uangalie. Duara atalianza Pinal."

Pinal, mke wake, aliinamisha macho kwa aibu. Hansa alikwenda jikoni, akafunga mlango, akalia.

Aliyemwona na macho mekundu kesho yake ni Faustina, mama wa Kihehe aliyeuza mboga barazani pa duka lile kwa miaka kumi na mitano. Faustina alikaa Ipogolo, kule chini barabara kuu inakopita, na kila asubuhi alipanda mlima kuja mjini na tenga lake kichwani. Umri wao ulilingana.

"Kamwene, Mama Himmat," alimsalimia kwa Kihehe.

"Kamwene, Mama Gerson. Mwenzio nimekwisha. Sasa mimi ni mtu wa kukaa tu."

"Kwani mwanzo ulikuwa mtu wa nini?" Faustina aliuliza huku akipanga mafungu ya mnafu. "Miaka yote hii nakuona umekaa."

Hansa alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia. Akacheka mpaka hogo likamgonga kifuani.

Hogo lilipofunguliwa alipelekwa kwa Crispin, kijana wa mazoezi ya viungo pale hospitali. Crispin alimwandikia karatasi: jua kidogo kila siku, kutembea, kunyanyua vizito vidogo, maziwa, mboga za majani, na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao.

"Dagaa?" Hansa aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, kana kwamba imeshaanza kunuka. "Mwanangu, mimi hata yai sili."

Crispin alijikuna kichwa. "Kwani dukani unauza nini, mama?"

"Ulezi, ufuta, maharage, choroko, dengu..." Alipofika kwenye dengu, kijana alikuwa anacheka waziwazi.

"Chakula cha mifupa kinakuzunguka, mama!"

Na kweli. Miaka yote hiyo aliwahimiza wazazi wa Iringa nzima wawapikie watoto uji wa ulezi, naye akiishi kwa chai ya rangi na vitafunwa vya kukaanga. Maziwa kwake yalikuwa kitu cha wageni. Jambo hilo lilimfedhehesha sana, na mimi nasema lilistahili kumfedhehesha.

Kuanzia hapo asubuhi ilikuwa uji wa ulezi wenye maziwa, mchana mtindi, na ufuta ukaingia kwenye chapati. Mnafu na figiri aliletewa na Faustina. Unga wa chapati alitaka kuukanda mwenyewe ili mkono upate nguvu. Siku ya kwanza vidole havikuweza hata kuubonyeza. Pinal aligeuka dirishani akajifanya haoni, wala hakumwambia Himmat.

Jioni, Faustina akifunga biashara, Hansa alimsindikiza bila Himmat kujua. Wiki ya kwanza alifika sokoni akarudi akihema. Mwezi uliofuata alifika mlima unapoanza kushuka. Agosti akawa anashuka naye nusu ya njia, kisha anapanda peke yake polepole, raba miguuni, na mgongoni begi lenye kilo mbili za ulezi, kwa ruhusa ya Crispin. Watu walimsalimia njiani. Alishangaa kugundua kwamba mji wake una upepo mzuri namna ile.

Siri ya namna hiyo haikai mjini. Dereva mmoja wa bodaboda alimwambia Himmat, "Bosi, mama yako nimemwona mlimani na begi." Himmat alitoka mbio na gari, akamkuta, akambeba moja kwa moja mpaka kwa Crispin.

"Mwambie!" alifoka. "Mwambie ataanguka tena!"

Crispin aliweka kiti katikati ya chumba. "Mama, kaa. Simama mara tano bila kushika popote." Hansa akasimama mara tano. "Sasa mguu mmoja." Akasimama, macho mbele, wala hakuyumba. Himmat, kwa hasira tu, naye akainua mguu wake. Alidaka meza.

"Sikudanganyi, kaka," Crispin alimwambia. "Mifupa huchukua muda mrefu. Lakini kinachomlinda asianguke ni hii miguu, na miguu inataka kazi. Muache acheze."

Himmat machozi yalimlengalenga. "Nilidhani nitakupoteza, Ba," alisema.

"Ungenipoteza kwenye kile kiti," mama yake akamjibu, akamshika shavu.

Siku ya kwanza ya Navratri, kiti cha kijani kilipelekwa ukumbini kama tahadhari tu. Hansa aliingia katikati, taa inawaka, watu kimya. Kofi la kwanza alilipiga kwa woga. Mkono ukaitika. La pili na la tatu yakajaa ukumbi, akaanza kuzunguka, na nyuma yake Pinal, na nyuma ya Pinal kila mtu. Raundi ya nne alimvuta Faustina, aliyekuja na kitenge chake cha kanisani, na Mhehe huyo akayashika makofi kuliko wenyewe. Kwenye kiti cha kijani alikaa Himmat, viatu kavua, anajipepea.

Asubuhi iliyofuata stuli ilikuwa imesukumwa pembeni mwa duka, juu yake ndoo ya ufuta. Hansa alikuwa amesimama kaunta anapima ulezi. Himmat alishuka ngazi taratibu, mapaja yakimuuma, mkononi ameshika raba zake mpya.

"Ba," alisema, "leo mnaondoka saa ngapi?"