Jeneza la Njia ya Dimani

Nimekula chumvi nyingi, sina haja ya kukudanganya. Haya yalinipata mimi mwenyewe, wakati wa Mwingereza, mchana kweupe. Anayetaka kucheka na acheke.

Mama alikuwa mahututi. Nilimwacha nyumbani Dimani na dada yangu, nikaenda Kibiti kwa dresa wa zahanati kutafuta dawa. Gari nani alikuwa nalo? Nilikuwa na baiskeli ya kuazima kwa shemeji, na siku zile mwenye baiskeli alijiona bwana wa njia. Adhana ya alasiri ilinikuta ndiyo kwanza natoka Kibiti, chupa ya dawa mfukoni.

Sikufika mbali nikaona jeneza mbele yangu, linaelekea ninakoelekea. Wabebaji wanne tu, hakuna msafara. Kwetu desturi unaijua: jeneza ukilikuta njiani, hata kama humjui marehemu, unatia bega hatua chache, kisha unashika safari yako. Wa mbele, mzee wa makamo, akaniambia, "Tupokee, mwanangu."

"Niwieni radhi, wazee wangu. Nina mgonjwa, nina haraka."

"Nasi tuna haraka hiyo hiyo," akasema taratibu.

Nikapiga kengele, nikawapita.

Sasa nisikilize vizuri. Nilikanyaga pedeli mpaka mapaja yakaniwaka moto. Nikakata kona, nikawaona tena, wako mbele yangu! Hawakunipita, naapa. Njia ni moja, nyembamba, wangenipitia wapi? Mzee hakugeuka. "Tupokee, mwanangu," akasema vilevile.

Niliogopa, lakini aibu ilinizidi. Nikailaza baiskeli chini ya mkorosho, nikatia bega. Wallahi, jeneza lilikuwa jepesi mno. Chini ya shuka iliyolifunika hamkuwa na mtu.

Nilikwenda nimeinamisha kichwa, nikimwomba Mungu. Hatua ishirini hazikutimia nikasikia kilio, na sauti niliijua. Nikainua macho. Nilikuwa uani kwetu, Dimani. Begani hapakuwa na kitu, wala wale wanne sikuwaona. Dada akatoka ameshika kichwa.

"Kaka, ungewahi kidogo tu! Sasa hivi amekata roho. Alikuwa anakuita."

Nikaingia. Mkono wa mama ulikuwa bado una joto. Jua lilikuwa bado la alasiri.

Kesho yake shemeji aliifuata baiskeli yake. Aliikuta palepale chini ya mkorosho, karibu na Kibiti kuliko Dimani. Kutoka pale, kwa baiskeli, ningefika nyumbani usiku.

Walikuwa nani? Sijui. Baiskeli sikupanda tena. Kibiti naenda kwa miguu, Nyamisati kwa miguu. Kinachoniuma si hofu. Kinachoniuma ni ile kengele niliyowapigia. Lau ningeshuka mara ya kwanza, si ningemkuta mama yu hai?

Basi wewe uliye na haraka, ukikuta jeneza njiani, shuka. Tia bega. Huenda linakwenda huko huko unakokimbilia, nalo linaijua njia fupi.