Mjumbe wa Saba

Sauti ilinifikia nikiwa bado kwenye ngazi: mvumo wa mashine ya kukaushia nywele, na juu ya mvumo huo mwanamke akisema kwa Kiingereza kwamba mapafu ya mgonjwa yamejaa maji. Sauti ya pili, changa zaidi, ikajibu kwa Kiswahili.

"Mama, daktari anasema uko na maji kidogo ndani ya mapafu."

"Kidogo umeitoa wapi?" ile ya kwanza ikauliza. "Docteur hakusema kidogo."

"Lakini huyu ni mama mzee. Nimwambie tu hivyo?"

"Mwambie vile daktari amesema. Huruma ni kazi ya watoto wake. Rudia."

Nikamaliza ngazi. Saluni ilikuwa juu ya duka la simu, katikati ya Durban, na madirisha yake yalikuwa wazi kwa sababu ya fukuto. Mwenye sauti ya kwanza alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anasuka. Vidole vyake havikusita hata aliponitazama. Mwenye sauti ya pili, msichana mwenye aproni, alisimama wima kando ya sinki, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti.

"Na mimi je?" mteja akasema. "Unavuta nywele yangu kama vile ni mimi nafanya mtihani."

"Wewe ulishafeli zamani," msusi akamjibu. "Inamisha kichwa."

Msusi huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji wangu: mama kutoka Bukavu, mwenyekiti wa tawi la Durban la chama chetu cha wakalimani wa Kiswahili. Nasema chama chetu, ingawa mimi si mkalimani. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam kuandika muhtasari wa mkutano wa viongozi wa kanda. Katibu wa kanda aliugua, na mwenyekiti wa kanda, ambaye alinifundisha sekondari, aliona kwamba mtu aliyeandika riwaya hawezi kushindwa kuandika muhtasari. Riwaya yenyewe ilikuwa moja tu. Nilikuwa katika umri wa kukubali safari yoyote.

Katika chama hicho anayefaulu mtihani hupewa kadi. Bila kadi, hospitali na mahakama hazikuiti. Kila tawi huwatahini watu wake lenyewe, na hiyo ndiyo maana hasa ya kuwa tawi. Mkutano wa kesho yake ulikuwa na ajenda ya kulifuta tawi la Durban na kuwaweka watu wake chini ya Johannesburg. Lingefutwa, msichana wa kwenye sinki angelazimika kupanda basi la safari ndefu akatahiniwe na watu wasiomjua, akiwa na karatasi ya ukimbizi ambayo kila polisi wa njiani huisoma kwa namna yake.

Nilimuuliza mama, tukiwa tunakula chakula cha jioni, kama alikuwa na wasiwasi.

"Wameniahidi kitu," akasema. "Kesho wananichagua makamu wa kanda. Niko peke yangu kwa hiyo nafasi. Mwalimu wako alinipigia simu, akaniambia, mama, mtu akiwa makamu wa kanda, tawi la nini tena?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia asante." Akaongeza pilipili kwenye sahani yake. "Ilikuwa simu. Kwa simu mtu anasema asante."

Asubuhi tulikwenda kwa miguu. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kilichoshonwa kwa mabega ya juu, ya mtu anayekwenda kuchaguliwa. Kwenye robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, taxi zilikuwa zinapiga honi kwa kila aliyetembea, nasi tulitembea. Hewa ilinuka mkate, dizeli na bahari. Mkutano ulifanyika katika jengo la zamani la jiji, chumba chenye mbao ukutani, madirisha marefu, na picha za wanaume wenye ndevu za mashavuni ambao hakuna aliyekuwa anajua walikuwa nani. Mlango wake ulikuwa mzito, na juu yake palikuwa na mkono wa chuma uliourudisha polepole, kwa mguno.

Matawi ya kanda ni tisa. Wajumbe wawili walikwamishwa na viza. Waliobaki waliketi kuzunguka meza, na kwa desturi ya vikao hivyo waliitana kwa majina ya miji yao, kana kwamba ni miji yenyewe iliyokutana, ikavaa suti na kuomba chai. Mwalimu wangu, mjumbe wa Dar es Salaam, ndiye aliyeongoza. Johannesburg alikuwa kijana mtanashati, mzaliwa wa Lubumbashi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Lusaka alikuwa mzee mcheshi aliyelalamikia biskuti. Mimi niliketi pembeni kidogo. Sikuwa mjumbe, kwa hiyo sikuhesabiwa.

Tulipofika kwenye ajenda ya Durban, mwenyekiti akamtazama mama, na mama akainuka bila kuambiwa. Katika chama hicho mwenye jambo hutoka nje, jambo lake lizungumzwe bila yeye. Ni desturi nzuri. Inawaruhusu watu kuwa wakali bila kuwa wakorofi. Mlango ukaguna, ukajifunga. Johannesburg akafungua kalamu.

"Kabla hatujaanza," Lusaka akasema, "hivi tumebaki wangapi?"

Mwenyekiti akahesabu kwa macho, kisha akaniambia nisome kifungu cha akidi. Nikasoma: uamuzi wowote utafanywa na wajumbe wasiopungua saba walio ndani ya chumba cha mkutano.

Walikuwa sita.

"Mwandishi naye yumo ndani ya chumba," Johannesburg akasema.

"Mwandishi ni kama kiti," Lusaka akamjibu. "Bila kukukosea, kijana."

Nilisema hajanikosea. Mwenyekiti aliugonga mdomo wake kwa kidole, kisha akanituma nikamwite mama. Ataketi, akasema, lakini hataongea.

Nilimkuta kwenye benchi la ukumbini, simu sikioni, akimwelekeza mtu namna ya kumaliza kichwa cha mteja. "Ile ya nyuma usikaze, atashindwa kulala," alikuwa akisema. Aliponiona akaikata.

"Wamemaliza?"

"Hawajaanza. Bila wewe hawatimii."

Akanitazama kuona kama natania. "Eish. Kwa hiyo niende nikae, nisikilize vile wananizika?"

"Na huruhusiwi kusema."

"Maiti haisemi," akasema, akainuka.

Akarudi kwenye kiti chake, akaweka mkoba mapajani. Wakaanza. Mwanzoni waliona haya, wakazungumza na meza. Baadaye walimzoea, kama watu wanavyozoea kuzungumza mbele ya mgonjwa aliyelala, wakamwita "yeye" na "hao watu wa Durban". Johannesburg alieleza kwamba mtihani unataka chumba na watahini wawili, na Durban mtihani unafanyika saluni.

"Mtu anaingia kusuka, anatoka mkalimani," akasema.

Walicheka, na Lusaka akauliza kama wenye upara wanakubaliwa. Mama alikuwa anaitazama feni. Johannesburg akaendelea kwamba hospitali moja ilipiga simu kulalamika: mkalimani mwenye kadi ya Durban alizungumza na mgonjwa kwa muda mrefu, kisha akamwambia daktari maneno mawili. Huenda ilikuwa kweli. Sikuwa na sababu ya kudhani kwamba anadanganya, na hata leo sina. Niliandika yote jinsi yalivyosemwa. Niliona vidole vya mama vikianza kusuka kamba ya mkoba.

Halikuwepo la kumtetea ambalo yeyote mezani alilijua. Mimi nililijua moja, la lile "kidogo" lililokataliwa saluni, lakini kiti hakitoi hoja.

"Basi tupige kura," mwenyekiti akasema.

Mama akanyoosha mkono.

"Mama, tulikubaliana."

"Sisemi juu ya jambo, Mwalimu. Nauliza juu ya sheria."

Mwenyekiti akasita. Alikuwa mwalimu wa miaka mingi, na mkono ulionyooshwa ni kitu ambacho hakuwahi kujifunza kukipuuza. "Uliza."

"Nikitoka sasa, mnaendelea?"

Mwenyekiti akasema, bila kunitazama, "Mwandishi, soma tena."

Nikasoma tena. Nilisoma polepole, na pale penye maneno ya ndani ya chumba cha mkutano nilivuta pumzi. Sijui kama alisikia. Nilikuwa nasoma tu.

"Akienda msalani je?" Lusaka akauliza.

"Huo ni ujanja," Johannesburg akasema.

"Katiba hamkunishirikisha kuandika, baba," mama akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwomba mteja ainamishe kichwa. "Mimi nimeikuta hivyo."

Mwenyekiti akainama mbele, akashusha sauti, ingawa sote tulimsikia. "Mama, fikiri. Ajenda inayofuata ni uchaguzi wa makamu. Ukitoka, na huo haupo. Mwakani jina lako nani atalipendekeza?"

"Hakuna," mama akasema.

"Na la tawi litarudi mwakani vilevile."

"Mwakani ni mbali, Mwalimu. Jumamosi niko na watu wanne wa mtihani."

Akasimama. Alinyoosha mabega ya kitenge, akazunguka meza kumpa kila mmoja mkono, kama inavyopasa mtu anayeondoka kwa heri. Johannesburg aliupokea akiwa ameketi, kisha akajirekebisha, akainuka nusu. Lusaka alimwambia asalimie saluni. Mwenyekiti aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, na kwa kitambo hakuuachia. Nadhani naye alikuwa anahesabu.

Mimi alinipita. Akauvuta mlango, akatoka, na mkono wa chuma ukaanza kuurudisha. Mpaka ujifunge walikuwa bado saba, au karibu saba, nasi sote tuliutazama ukija kwa mguno wake, polepole, mpaka ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake.