Kichwa Kinachongoja Mkono

Jumamosi nilitoka Ruiru nywele zikiwa zimefumuliwa tayari, nikafika Thika na kukuta kiti cha msusi wangu kimepinduliwa. Muuza mboga wa kibanda cha pili akaniangalia. "Woi, kwani hukusikia? Shosho alituacha juzi." Nikabaki nimesimama na kitambaa kichwani, nisijue pa kwenda. Shosho, yaani bibi, ndivyo sote tulivyomwita msusi huyo. Alikuwa mjane wa Kimaasai, ukame ulimmalizia ng'ombe, akaja kuishi Kiandutu, mtaa wa mabanda hapo Thika, na kusuka watu wasioijua lugha yake. Binti yake ni kibarua wa viwandani, huondoka alfajiri na kurudi usiku. Kwa hiyo mchana kutwa Shosho alibaki na mjukuu wake, msichana wa gredi ya pili, na wasiwasi wake wote ulikuwa juu ya mtoto huyo.

Kwao mtoto hamkimbilii mkubwa kwa maneno. Huinamisha kichwa, akangoja kiganja kimguse utosini. Hiyo ndiyo salamu. "Mwalimu anasema huyu hana adabu, ati haangalii mtu," aliniambia siku moja akinisuka. "Nikamwambia, mwalimu, anakungoja wewe. Mguse tu kichwa."

"Akamgusa?"

"Alicheka. Ati anaogopa chawa."

Akanivuta nywele kwa hasira mpaka machozi yakanitoka. "Pole, mama," akasema, akaendelea kusuka.

Tukitaka kujua kama watoto wa jamii zilizo chache huku mjini, kama Wamaasai, wako salama, huuliza kama wamekunywa uji, wamechanjwa, wana sare. Sipingi, uji ni uji. Lakini mtoto anaweza kushiba na bado ashinde shuleni wiki nzima bila kusalimiwa na mtu. Sisi tulio wengi huku tumezoea kudhani adabu ni ya kwetu tu, na hilo linaniudhi.

Kwenye matanga, mtoto alipita mbele yetu akimwinamia kila mmoja. Huyu akampa pole, yule akampa mkate, mwingine akasogea ampishe. Aliponifikia nikaweka kiganja. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa msiba, kina joto la jua. Hakukiinua upesi, nami nikalia.

Mkono mmoja haulei mwana, na huo mmoja aliokuwa nao tumeuzika. Mtoto akikuinamia, msomaji wangu, mguse. Jumatatu huyu atarudi darasani, atainamisha kichwa tena, na jioni hapatakuwa na mtu nyumbani wa kumuuliza kama alisalimiwa.