Kifuniko Kimoja Kila Shina

Agronomu, yaani bwana shamba, alifika Bugarama kwa pikipiki, akasimama pembeni ya shamba la mama yangu mdogo bila kuzima injini.

"Kifuniko kimoja kila shina," alisema, akionyesha kidole mfuko wa mbolea, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote. Viatu vyake havikugusa udongo.

Mama mdogo alikuwa amerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, akarudishiwa nusu ya shamba la baba yake. Nusu nyingine ilibaki kwa bwana aliyelilima miaka yote hiyo. Kati yao ulipandwa ua wa miyenzi, na juu ya ua huo bwana yule alisema kila siku kwamba watu wa kambini wanajua kula posho tu. Mama mdogo alitaka kitu kimoja: mahindi yake yapite ya jirani kwa urefu, ili mdomo ule ufungwe.

Mimi nilikuwa nimetoka Kabonga, kazi imenichosha kama kawaida, nimekuja kula ugali wake. Nilionja ile mbolea nyeupe. Inapoza ulimi, halafu inachukiza. Zamani babu alilisha shamba hili samadi ya mbuzi, na mchanga uliofagiliwa Magara pale ndagala, dagaa wa ziwani, zinapoanikwa, magamba na vyote. Kisha ikaja mifuko yenye maandishi tusiyoyaelewa, na ghafla samadi ikawa aibu. Kuna waliouza mbuzi ili waonekane wameendelea.

Kilima kizima kilipima mbolea kwa kifuniko cha chupa ya bia. Kila mtu alijua, ndiyo maana agronomu hakujisumbua kueleza. Lakini mama mdogo ni Mwislamu wa Rumonge.

"Kifuniko ya pombe ku chakula yangu? Hapana!"

"Sasa utapimia nini?"

"Kifuniko iko hapa." Akafungua cha bidoni, lile dumu la mawese.

Niliona kinameza vifuniko vitatu vya chupa, labda vinne. Nilijua pia kwamba chupa ya soda ina kifuniko kilekile. Nikanyamaza. Nilitaka kuona kitakachotokea, huo ndio uerevu wangu.

Siku ya nne baada ya kuitia mbolea, majani yalikuwa yamebabuka kama yamepitiwa na moto. Jirani akainua shingo juu ya miyenzi.

"Amahoro, dada! Kule Tanzania munachoma muhindi ingali shambani?"

Mama mdogo akainama kwenye mstari wa kwanza. Aling'oa shina moja moja, mimi nikabeba. Ndipo nikamwambia habari ya soda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Vizuri uliacha masomo. Ungemaliza, ungetuua sisi wote."

Msimu uliofuata agronomu aliitisha mkutano, akarudia maneno yake yaleyale. Mama mdogo akasimama. "Kifuniko ya nini?" Watu wakacheka, jirani kuliko wote.

"Mama, kila mutu anajua," agronomu alisema.

Akainua mikono miwili: kifuniko cha bidoni huku, cha soda huku. "Mimi sikujua. Sema."

Ikabidi agronomu aseme: cha chupa, ya bia au ya soda. Aliandika hata kwenye daftari lake, kana kwamba amegundua yeye.

Safari hii mama mdogo alitia samadi ya mbuzi kwenye mashimo kwanza, mbolea ya dukani baadaye, kwa kifuniko cha soda. Mahindi yaliupita ua, yakayapita na ya jirani. Mdomo haukufungwa. Sasa jirani anamwambia kila mpita njia kwamba nusu ile ya mama mdogo ndiyo ilikuwa na rutuba tangu zamani, na kwamba yeye ndiye aliyeitunza.